Sindano ya maumivu kabla ya mechi huficha jeraha, haiponyi

Kwa miaka mingi, siku ya mechi katika ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, wachezaji walipanga foleni kuchomwa sindano ya ketorolaki. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maumivu makali ya muda mfupi, kama ya mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa timu 28 kati ya 30 zilizojibu maswali zilikuwa zikiwachoma wachezaji wao. Desemba 2011, baadhi ya wachezaji wastaafu waliifungulia ligi kesi wakidai kuwa dawa hiyo iliwaficha dalili za kuumia kichwa.

Huku kwetu ndugu yake ketorolaki anajulikana zaidi: ni diklofenaki, sindano ya maumivu inayochomwa kwenye makalio katika zahanati nyingi. Ibuprofeni nayo ni ya kundi hilo hilo.

Inavyofanya kazi

Misuli au kifundo kikiumia, seli za mahali hapo hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo huchangia uvimbe, joto na maumivu. Dawa za kundi hili huvizuia vimeng'enya vinavyozitengeneza, na maumivu hupungua. Lakini nyuzi zilizochanika hubaki zimechanika. Mchezaji anarudi uwanjani bila ile kengele ya mwili inayomwambia apunguze mwendo, na jeraha la wiki mbili linaweza kugeuka la miezi.

Tena prostaglandini zina kazi nyingine. Hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na husaidia mishipa ya figo ibaki wazi. Ketorolaki pia hudhoofisha uwezo wa damu kuganda, jambo la hatari katika mchezo wa kugongana, ambako pigo la kichwa linaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani imeiwekea onyo kali kabisa: matumizi yasizidi siku tano, na asipewe mtu mwenye vidonda vya tumbo, anayevuja damu, au ambaye figo zake zimo hatarini kwa kupungukiwa maji.

Figo za mwanamichezo

Mtu anapokimbia kwa nguvu, damu nyingi huelekea kwenye misuli na jasho humpunguzia maji mwilini. Figo hupata damu kidogo, na hapo ndipo huzihitaji zaidi prostaglandini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wakimbiaji wa mbio ndefu kupita kiasi. Waliopewa vidonge vya ibuprofeni, asilimia 52 walionesha dalili za figo kuumia, dhidi ya asilimia 34 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Imani mbili za kuacha

Wengi huamini kuwa sindano haiwezi kuleta vidonda vya tumbo kwa sababu haipiti tumboni. Si kweli. Dawa ikishaingia kwenye damu hufika kila mahali, na ukuta wa tumbo hupoteza kinga yake vile vile.

Imani ya pili ni kwamba sindano lazima iwe na nguvu kuliko kidonge. Tafiti zilizolinganisha sindano ya ketorolaki na vidonge vya ibuprofeni hazikuona tofauti kubwa ya kutuliza maumivu. Sindano ina hatari yake pia: ikichomwa vibaya kwenye kalio inaweza kuujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu na kuacha mguu umepooza.

Mwaka 2012, madaktari wa timu za NFL walitoa mwongozo kuwa ketorolaki isitumike kuzuia maumivu yanayotarajiwa, bali kwa mchezaji mwenye jeraha linalojulikana, kwa dozi ndogo na muda mfupi iwezekanavyo. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, halijaziweka dawa hizi kwenye orodha yake ya marufuku. Kwa hiyo hakuna kipimo cha mkojo kitakachomwokoa mchezaji. Atakayemwokoa ni daktari mwenye msimamo.

Kwa makocha na viongozi wa klabu: msimchome mchezaji ambaye jeraha lake halijapimwa, na msikubali dawa ichukue nafasi ya mapumziko. Kwa mchezaji: mweleze daktari kama una pumu, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au tatizo la figo, na usichanganye sindano na vidonge vya kundi hilo hilo. Ukiona choo cheusi kama lami, mkojo umepungua sana, au mguu unakufa ganzi baada ya sindano, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mechi iliyokosekana hulipwa na mechi nyingine. Figo iliyokufa hairudi.