Kumrekodi Babu Anayeimba Huku Akipiga Gitaa

Muhula huu tumewaomba watoto walete, kila mmoja, wimbo mmoja ulioimbwa na mzee wa familia na kurekodiwa nyumbani. Wazazi kadhaa wameuliza swali lile lile: babu (au mjomba, au shangazi) anaimba huku akipiga gitaa, na yuko hapa kwa wiki chache tu. Tutazirekodi vipi sauti zote mbili bila studio? Zirekodini kwa pamoja, na kompyuta mliyo nayo nyumbani inatosha.

Wapo watakaokushauri urekodi gitaa kwanza, kisha umvalishe babu hedifoni aimbe juu yake. Studio nyingi hufanya hivyo, kwa sababu kila sauti ikiwa peke yake ni rahisi kuirekebisha. Lakini mzee aliyejifunza wimbo kwa kusikiliza, kidole gumba chake na ulimi wake husubiriana. Mwambie apige bila kuimba, na huenda akasahau mahali pa kugeuza, au akaharakisha pale ambapo maneno yangemchelewesha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, huko Congo. Bosco alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga. Zitafuteni rekodi hizo mzisikilize pamoja, mtasikia jinsi gitaa linavyoijibu sauti. Jibu la namna hiyo ndilo linalopotea ukiwatenganisha.

Kurekodi pamoja kuna gharama yake. Maiki ya mdomo itasikia gitaa, na maiki ya gitaa itasikia mdomo. Babu akikosea neno, huwezi kulifuta bila kufuta na gitaa lililo chini yake. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe chekundu.

Anza na chumba. Chumba cha kulala chenye zulia, pazia nzito na kitanda ni bora kuliko sebule tupu yenye sakafu ngumu, kwa sababu vitambaa humeza mwangwi. Zima hita yenye feni, weka simu zote kimya, na waambie walioko jikoni wasianze kukaanga sambusa. Kiti kisiwe kile cha ofisini kinacholia. Mkalishe mzee kwenye kiti imara kisicho na mikono, ili gitaa likae vizuri.

Kama una maiki moja tu, usijione maskini. Iweke mbele yake, umbali wa kama sentimita 50, kimo cha kifuani, kisha rekodi nusu dakika usikilize. Gitaa likizidi, inua maiki kidogo. Sauti ikizidi, ishushe. Isogeze hivyo hivyo mpaka zote mbili zikae sawa. Kwa maoni yangu familia nyingi zingeishia hapa na kupata rekodi nzuri kuliko ya maiki mbili zilizowekwa ovyo.

Ukiwa na maiki mbili, moja iwe ya mdomo, kama sentimita 15 kutoka midomoni, ikielekea juu kidogo ili iligeuzie gitaa mgongo. Ya pili ielekee pale shingo ya gitaa inapokutana na mwili wake, karibu na freti ya 12, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Usiielekeze kwenye tundu la gitaa. Huko kuna mvumo mzito unaofunika nyuzi. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi mbele kuliko nyuma, na siri yote iko hapo: mgongo wa kila moja uelekee kile usichotaka iisikie.

Sasa watoto, hapa kuna jambo la sayansi. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sauti ya babu inafika kwenye maiki ya mdomo kwanza, kisha kwenye maiki ya gitaa baadaye kidogo. Ukizichanganya, mawimbi hayo mawili yanaweza kugongana. Angusha mawe mawili ndani ya beseni la maji uone: mahali pengine mawimbi huinuana, na pengine huuana. Sauti iliyouawa hivyo husikika nyembamba, kana kwamba babu anaimba ndani ya bomba. Kanuni ya mafundi ni kwamba umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na kile inachokirekodi. Kwa sentimita 15, ziachane sentimita 45, na kutoka mdomoni hadi kwenye gitaa huwa ni kama hapo. Halafu jaribu: zima maiki moja wakati wa kusikiliza. Sauti iliyobaki ikinenepa badala ya kupungua, maiki zinagombana. Sogeza moja kidogo urudie.

Msinunue maiki mbili za USB. Kila moja ina saa yake ya ndani, na saa hizo hazilingani kabisa. Tena programu nyingi hurekodi kutoka kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa ni kisanduku kidogo cha kuingizia sauti, chenye matundu mawili ya maiki na waya mmoja wa USB wa kwenda kwenye kompyuta. Kama maiki yako ni ya kondensa, bonyeza kitufe kilichoandikwa 48V, maana haifanyi kazi bila umeme huo. Wengine huazima kisanduku msikitini, kanisani au kwa kijana wa mtaani mwenye bendi.

Programu ya Audacity hupatikana bure. Chagua kisanduku chako kama chanzo cha sauti, na urekodi kwa stirio: tundu la kwanza litaingia upande wa kushoto, la pili upande wa kulia. Ukimaliza, gawa stirio hiyo iwe nyimbo mbili za mono na uzirudishe zote katikati, la sivyo atakayesikiliza kwa hedifoni atamsikia babu sikio moja na gitaa lake sikio jingine. Spika lazima zizimwe kabisa wakati wa kurekodi. Mzee mwenyewe hahitaji hedifoni, anajisikia.

Kuhusu kiwango, mwambie aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, kisha punguza kifundo mpaka kilele kiwe karibu na -12. Ukiona taa nyekundu, sauti imeshapasuka na hakuna dawa. Wazee huimba kwa nguvu zaidi wakishachangamka, kwa hiyo bakisha nafasi.

Muombe ruhusa kabla ya kurekodi, na kabla ya wimbo aseme jina lake, tarehe, na nani aliyemfundisha. Mrekodi mara tatu bila kumkatiza. Akikosea, mwache aendelee. Mara nyingi ile ya pili ndiyo tamu.

Hifadhini kama WAV, biti 24 na kilohetsi 48. Wimbo wa dakika nne wa maiki mbili utakuwa kama megabaiti 70, mkubwa mno kwa barua pepe. Leteni kwenye flashi, na nakala nyingine ibaki nyumbani.