Kusawazisha Rangi za Skrini

Kusawazisha rangi ni kurekebisha televisheni au skrini ya kompyuta hadi ifuate kipimo kilekile walichotumia watengenezaji wa filamu au picha. Kila nukta ya skrini ina vijisehemu vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Katika mfumo wa biti 8 kila kijisehemu kina ngazi 256 za mwanga, na michanganyiko yake hutoa rangi zaidi ya milioni 16. Kimoja kikizidi nguvu, picha nzima huegemea rangi yake.

Televisheni za HD hufuata kanuni ya Rec. 709 ya mwaka 1990. Kompyuta nyingi hufuata sRGB, iliyobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Zote hutumia weupe mmoja, D65, unaokaribia mwanga wa mchana, takriban kelvini 6500. Televisheni nyingi, hata hivyo, huuzwa zikiwa na weupe wa kibuluu na rangi kali ili zivutie dukani.

Kazi huanza kwa kuiacha skrini ikiwaka nusu saa ili mwanga wake utulie, kisha kuchagua hali ya sinema. Weusi hutangulia: mwangaza hupandishwa hadi mikunjo ya koti jeusi katika picha ionekane, bila giza lenyewe kugeuka kijivu. Hufuata kontrasti, inayopunguzwa hadi mishono ya kanzu nyeupe isipotee.

Kwa usahihi zaidi huhitajika kolorimita, yaani kifaa cha kupima rangi, kwa kuwa jicho huzoea upesi: baada ya dakika chache weupe wa kibuluu huonekana kuwa weupe wa kawaida. Kifaa hicho huwekwa juu ya skrini huku programu ikionyesha ngazi za kijivu, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kijivu ndicho shahidi bora, maana hupatikana pale tu rangi zote tatu zinapolingana. Tofauti ndogo hujitokeza mara moja. Kwenye televisheni, nguvu ya kila rangi hurekebishwa kwa rimoti. Kwenye kompyuta, programu huandika faili la wasifu wa rangi linalosahihisha picha kabla haijafika kwenye skrini.

Usawazishaji hauongezi rangi ambazo skrini haiwezi kuzitoa. Tena, mwanga wa skrini hubadilika kadiri inavyozeeka, hivyo vipimo hurudiwa mara kwa mara, hasa kwa wanaohariri picha na video.