Pikipiki Kuukuu ya Mjomba: Jinsi ya Kulipia Ukarabati Bila Kuliwa Pesa

Nyuma ya nyumba ya mjomba wangu hapa Mackinnon Road, chini ya mkwaju, kulikuwa na Yamaha AG100 iliyolala miaka kumi, kuku wakitagia kitini. Kama ulikulia kijijini unaijua, hata kama jina lake hulijui: ile pikipiki ya maafisa wa mifugo na kilimo, yenye keria mbele na nyuma, cheni imefunikwa kabisa vumbi lisiingie. Injini yake ni ya cc 97 tu. Kazi yangu ni kuzunguka madukani kuanzia hapa hadi Taru na Samburu nikiwafundisha wenye maduka kupokea malipo kwa simu, na boda ilikuwa inanila shilingi 600 kwa siku. Nikamwambia, "Mjomba, nipe hiki chuma nikifufue." Akacheka. "Chukua, lakini karatasi zake usiniulize mimi."

Basi anza na karatasi, spea baadaye. Ingia eCitizen, ulipie kuangalia rekodi ya pikipiki kwa NTSA, uone imesajiliwa kwa jina la nani. Kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizogongwa kwenye chuma. Hii yetu ilikuwa bado ina jina la mzee mmoja wa Msambweni aliyefanya kazi na mjomba zamani. Tukampigia, tukaenda, tukanywa chai, akakubali kuhamisha. Kama angekuwa ametangulia mbele ya haki, ningekuwa nafuata mambo ya mirathi mahakamani kabla sijanunua hata plagi. Na sheria ya trafiki inakupa siku 14 tangu umiliki ubadilike. Zikipita kabla hujasajiliwa, hairuhusiwi barabarani.

Sasa injini. AG100 inachoma petroli pamoja na oili. Oili ina tangi lake, na pampu ndogo inaipeleka kidogo kidogo. Pampu ikifa na wewe huna habari, pistoni inakauka, inakwaruza silinda, injini inanoki. Ndivyo ilivyokufa hii ya mjomba. Fundi alipofungua, mikwaruzo nilikuwa naisikia kwa ukucha. Dawa yake ni kuchonga silinda ipanuke kidogo, halafu kuweka pistoni ya saizi inayofuata. Ndiyo maana hununui pistoni kabla silinda haijapimwa.

Mimi nilinunua. Niliona tangazo mtandaoni: pistoni na ringi zake, shilingi 4,800, mzigo unakuja na basi. Kabla sijaweka namba ya siri, simu ikanionyesha jina la mwanamke, na muuzaji niliyekuwa nikiongea naye ni mwanamume. Nikamuuliza. "Huyo ni dada yangu, laini yangu ina shida kidogo." Na mimi, ambaye jambo hili ndilo ninalofundisha watu kila siku, nikatuma. Mzigo nausubiri mpaka leo.

Nilijua jibu la ofisini hata kabla ya kupiga simu. Huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba, na mimi sikukosea. Pesa zilikwenda palepale nilipozituma. Kilichobaki ni kwenda polisi na ule ujumbe wa malipo, wenye jina, saa na namba ya muamala. Usiufute kamwe.

Kuanzia hapo spea nilizifuata mwenyewe Mombasa, kama kilomita 90, pistoni ya zamani nimeifunga kwenye gazeti. Dukani nalipa kwa namba ya till ya duka. Wakati mwingine jina linalotokea ni la mwenye duka, si lile la mlangoni. Hapo nauliza kwanza, na nataka liandikwe kwenye risiti.

Na fundi? Wengi watakwambia, "Nitumie zote nikununulie vitu." La. Vitu nalipia mimi. Ufundi nililipa mara tatu: alipofungua, injini ilipowaka, na kilomita 100 za kwanza zilipoisha. Alininunia wiki nzima. Si kwamba mafundi ni wezi, ila pesa ya spea ikiingia kwenye simu ya mtu mwenye watoto, ada ya shule inaiona kwanza.

Kuna walioniambia nitupe injini niweke ya Kichina ya cc 125. Ushauri huo si wa kijinga. Nyingi zimefuata muundo wa Honda CG125, iliyotoka 1976, na spea zake hukosi hata Taru. Lakini injini nyingine ni namba nyingine, na lazima NTSA wabadilishe rekodi. Usipofanya hivyo, siku ya kuuza, chuma kitasema hivi na karatasi vile. Nikabaki na yangu. Nilichobadilisha ni taa ya mbele, nikaweka ya LED, pamoja na tairi za kushika mchanga na soketi ya kuchaji simu.

Taarifa ya malipo kwenye simu ndiyo iliyonipa hesabu ya kweli: silinda na pistoni 6,300, tairi na tubu 7,400, taa, betri na waya 3,900, gasketi, sili na kabureta 3,250, ufundi 9,000. Ongeza zile 4,800 za "dada", jumla 34,650, bila bima wala karatasi. Kichwani nilikuwa na 20,000. Petroli na oili ni kama 200 kwa siku, kwa hiyo naokoa 400, na pesa yangu itarudi baada ya siku 87 za kazi.

Leo ni ya 31. Ukiona AG100 ya bluu imeegeshwa karibu na msikiti wa Sayyid Baghali, pale wasafiri wanaposimama kuswali, ni mimi. Nisimamishe, na simu yako uwe nayo. Nitakuonyesha lile jina linapotokea.