Mtoto Mfupi na Haraka ya Kubaleghe

Mwanangu alipotimiza miaka 13, wenzake madrasa walikuwa wakimwita Nyundo, na dada yake mdogo alikuwa ameshampita. Mavyaa akaleta habasoda. Jirani akanipa nambari ya mtu auzaye dawa ya kurefusha. Mimi nami, sifichi, nilikuwa nikiomba abaleghe upesi, nikidhani ndipo atakaporefuka.

Hapo ndipo tunapokosea wengi. Mifupa hurefukia karibu na ncha zake, penye gegedu laini. Balehe huongeza kasi kwa miaka michache tu, kisha homoni hizo hizo huifunga gegedu ikawa mfupa mtupu, na kurefuka kumekwisha. Basi mfupi anayechelewa kubaleghe huwa bado ana akiba. Wa kuhofiwa ni mfupi anayebaleghe mapema: anaruka ghafla, nyumbani mnafurahi, kisha anasimama wenzake wakiendelea. Na wasichana hurefuka kwa kasi mwanzoni mwa balehe. Wakishavunja ungo huwa zimebaki sentimita chache. Kasi ya wavulana huja baadaye, ndiyo maana dada mtu alimpita.

Daktari alituuliza urefu wetu kwanza. Jumlisha wa baba na wa mama, mvulana muongezee sentimita 13, msichana mpunguzie 13, ugawe kwa 2. Sisi ni 168 na 155, kwa hivyo mwanangu hukisiwa kufika 168 hivi. Majitu hatuzai! Kisha akataka vipimo vya miaka iliyopita, kwani kabla ya balehe mtoto hukua kama sentimita 5 kwa mwaka, na akishuka chini ya 4 kuna la kuchunguzwa. Damu haikuonyesha ugonjwa. Eksirei ya kiganja cha kushoto ndiyo iliyosema: mifupa ni ya mtoto wa miaka 11. Mume wangu akacheka, akakumbuka kuwa yeye naye alichelewa kuota ndevu.

Dalili za balehe zikija kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana, mpeleke. Zikikosekana hadi 13 kwa msichana na 14 kwa mvulana, mpeleke pia. Msichana mfupi asiyeota matiti asingojeshwe, maana huenda ana hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Turner, ambayo hupimwa kwa damu.

Dawa ya jirani sikununua. Juzi nimempima kwenye fremu ya mlango, ameongeza sentimita 3 tangu Ramadhani. Nyundo bado wanamwita.