Kanga ya Mama yafika Nyanchwa

Amana, msomaji wangu, ni mzigo usiopimika mizanini. Mama yangu alipofariki mwaka 2019, Mola amrehemu, aliniachia doti moja ya kanga na akaniusia nimfikishie mwanamke ambaye hakupata kumwona wala kuisikia sauti yake: mama wa kijana mmoja wa Nyanchwa, katika mji wa Kisii, nchini Kenya. Nikaitia sandukuni, nikasema nitakwenda mwakani. Mwaka 2020 likaja janga la korona, Kenya ikaufunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri, nami nikapata udhuru. Mpaka ulipofunguliwa udhuru ukaisha, lakini sikwenda. Hata Agosti 2023 ndipo nilipofunga safari.

Kijana huyo alikaa nyumbani kwetu Tanga miezi sita, mwaka 2014. Alikuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Alikuwa akisomea ualimu wa Kiswahili, na alitaka kukisikia kinavyosemwa barazani na jikoni. Watu waliniuliza vipi naingiza mgeni wa bara, tena Mkristo, katika nyumba yenye wanawake. Aliyewajibu ni Mama.

Mama alikuwa na dada yake Vanga, upande wa Kenya, mwendo mfupi tu kwa mwenye dau na upepo mzuri. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka, ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Siku hizo nalikuwa mtoto wa chuoni, nikihifadhi juzuu ya Amma, nami namkumbuka Mama akikaa ufukweni alasiri, uso kaskazini. Dada yake alikufa katikati ya miaka ile, na habari ilitufikia arobaini imekwisha kupita. Basi majirani waliponong'ona aliwaambia, "Mlango uliofungwa mimi naujua. Mtoto huyu amekuja mlango uko wazi. Mwacheni apite."

Sasa niseme kweli juu ya nafsi yangu. Mimi ni mtu wa tungo, na mtu wa tungo hupenda kusahihisha. Kijana alisema "kurara" badala ya "kulala"; marafiki zangu barazani wakacheka, nami nikacheka nao. Siku hizo sikujua kwamba katika Ekegusii, lugha ya kwao, sauti ya "l" haimo. Nami nalisahau kwamba mwalimu wangu wa chuo alinichapa bakora miaka mitatu kwa sababu ulimi wangu ulikataa kutoa "ain" ya Kiarabu ipasavyo. Kijana hakujibu kitu. Alinyamaza siku mbili tatu, kisha akaanza kuzungumza na Mama peke yake, jikoni.

Mama ndiye aliyetambua kuwa mgeni wetu ni Msabato. Alipojua kwamba Sabato yao huingia Ijumaa jua likichwa, kama nasi tunavyohesabu siku kuanzia magharibi, akaweka desturi yake mwenyewe. Ijumaa asubuhi alipiga pasi kanzu yangu, na alasiri akapiga pasi shati la kijana, liwe tayari kabla ya adhana ya magharibi. Jumamosi hakumtuma sokoni.

Mwezi wa nne wa kukaa kwake, malaria ilimwangusha. Watu wa milima ya Kisii hawakuizoea malaria kama sisi wa pwani, ikiwapata huwapata kweli kweli. Tulimpeleka kupimwa akapewa dawa ya mseto, lakini usiku ule homa ilipanda hata akaweweseka. Akaita, "Baba! Baba!" Nikakimbia chumbani, nikamshika mkono, nikamwambia, "Nipo, mwanangu." Mama akaja nyuma yangu na beseni la maji.

"Toka," akaniambia. "Huyu amtaka mamake."

"Mama, humsikii? Anasema baba."

"Namsikia. Lakini amtaka mamake."

Akaketi kitandani, akampakata kichwa na kumkanda kwa kitambaa mpaka alfajiri. Mimi nikaenda zangu nimeudhika. Kesho yake nikasimulia barazani kwamba kijana wa bara ameniita baba, na nikatunga shairi la beti kumi na mbili juu ya usiku ule. Alipopona nilingoja aniite tena hivyo. Hakuniita. Nilibaki "Mzee" mpaka siku alipopanda basi kurudi kwao, na moyoni nikamhesabu kuwa mtu asiye na shukrani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo njiani, pamoja na kanga mkobani. Nilivuka Horohoro, pasi yangu ikagongwa muhuri kwa dakika chache, nikamkumbuka Mama na miaka yake sita ya kungoja. Mombasa nililala usiku mmoja, nikapanda treni hadi Nairobi, kisha basi la Kisii kwa njia ya Narok na Bomet. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi na kijani kilivyokoza: chai mlima mzima, na migomba mpaka milangoni mwa watu. Kisii mjini mikungu ya ndizi imepangwa barabarani kama magogo, na wachuuzi wakaninadia vinyago vya mawe laini yachimbwayo Tabaka.

Kijana wangu, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na ana mke na watoto wawili, alinipokea kituoni. Akaniinamia, akachukua mkoba wangu, akasema, "Karibu, Mzee. Leo utalala kwetu. Kulala sasa nakujua." Tukacheka sote wawili. Lakini nilijua kicheko hicho kimesafiri miaka tisa kunifikia.

Nyanchwa ni mlima ulioinamia mji. Waadventista waliofika Kenya mwaka 1906, wakaanzia Gendia kando ya Ziwa Viktoria, hawakukawia kupanda hadi nchi ya Wagusii na kuweka misheni hapa Nyanchwa. Mpaka leo mlima huu ni wa makanisa na shule zao. Nalikuwa na wasiwasi wa chakula. Wasiwasi wa bure! Nyumba ya Msabato haina nguruwe wala pombe. Kuku aliletwa akiwa hai, mwalimu akanikabidhi kisu nichinje mwenyewe.

Tulipofika langoni kwa mzazi wake, mwalimu alipaza sauti, "Baba!"

Nikajitengeneza kofia, nikijiandaa kumwamkia mzee mwenzangu. Akatoka mwanamke wa makamo yaliyopita, mwembamba, kitambaa kichwani, mikono ina unga. Nikatazama nyuma yake. Hakuna mwanamume.

"Baba yuko wapi?" nikauliza.

"Ndiye huyu, Mzee. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume twamwita tata."

Msomaji, nilisimama pale nimeshika mlango. Nilizisikia tena zile sauti za usiku wa homa, nikamwona Mama na beseni lake. Bibi wa chuo cha Korani peke yake, asiyejua neno moja la Ekegusii, aliisikia sauti akajua iendako. Mimi mwenye kamusi rafu nzima nilisikia neno tu.

Tukaketi. Mama yule hakusema Kiswahili, nami nilikuwa bubu mbele yake. Nilijaribu kumwamkia, "Bwakire," na wajukuu wakaangua kicheko, kwa kuwa hiyo ni salamu ya asubuhi na jua lilikuwa linakaribia kuchwa. Nikasema moyoni, naam, hii ni haki yangu. Walinifunza maneno, nami nikaona ujamaa wa lugha zetu: mgeni kwao ni omogeni, na nyumba ni enyomba. Tulikula obokima wa wimbi kwa kuku na mboga chungu ya chinsaga, ambayo sisi twaiita mgagani.

Kisha nikaitoa kanga, na ilinibidi nieleze. Nikasimulia ile homa. Mwalimu alisita kutafsiri, kwani hakupata kumwambia mamake kwamba aliugua hivyo. Nikamwomba aseme. Aliposema, mama aliacha kula. Akaikunjua kanga magotini, akamwuliza mwanawe maandishi yale yanasema nini.

"Nani kama mama."

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema neno, na mwalimu akalitafsiri macho yakiwa chini: "Asema, mama yako alimsikia mwanawe. Asema, ahsante kwa kumjibu alipokuwa yeye yu mbali."

Hapo nikamwomba mwalimu msamaha mbele ya mamake, kwa vicheko vya barazani na kwa kumdhania vibaya. Akasema, "Mzee, ningekuitaje baba? Ningecheka kila siku."

Ijumaa niliswali msikitini mjini. Niliporudi, alasiri, nilikuta birika la maji ya moto mlangoni na mkeka safi ndani, umetandikwa kuelekea kaskazini. Yule mama alikuwa ameuliza kibla kiko wapi, akaweka kila kitu tayari kabla ya Sabato yake kuingia. Sikumwambia habari za pasi na shati. Jumamosi asubuhi alikwenda kanisani na kanga ya Tanga mabegani.

Jumuiya yetu ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na wakubwa hukutana Arusha kuzungumza ushuru na forodha. Hayo ni ya lazima. Lakini nawaomba wanaopanga safari za wanafunzi wakumbuke na safari ya kurudi: aliyempokea mtoto naye aende akaketi kwao, ale chakula chao, achekwe kwa lugha yao. Mgeni wangu alikuwa amekwisha kunijua siku nyingi. Mimi nilihitaji kupanda Nyanchwa ndipo nimjue.

Niliporudi Tanga nilikwenda kwanza kaburini, kisha nikalifungua daftari langu. Lile shairi la beti kumi na mbili sikulichana. Nimeandika chini yake, kwa wino: baba, kwa Ekegusii, ni mama.