Wakili wa Mwajiri: Aitwe Kabla ya Hasira

Tulisikiapo neno "mwajiri", wengi wetu huwaza makampuni makubwa ya bandarini. Tunasahau kwamba mama mwenye duka la mabuibui, na hata sisi tulioweka msaidizi wa nyumbani, sote ni waajiri mbele ya sheria. Hivyo wakili anayewatetea waajiri si wa matajiri peke yao.

Tuchukue mfano. Fundi ameshona katika duka la mama mmoja kwa miaka minne. Siku moja mama anapata habari kwamba fundi yule huwapigia simu wateja wa duka ili awashonee nyumbani kwake. Kwa hasira, anamfukuza papo hapo. Yamkini kosa ni la kweli, lakini mwenye duka ndiye anayeweza kushindwa mahakamani.

Sababu ni kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mwenzake wa kazini aliyemchagua, kisha amsikilize. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu za kumwachisha. Akishindwa, mahakama yaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Je, fundi akifungua duka lake mtaa ule ule? Hapa wakili mwaminifu humwambia mteja wake asilopenda kulisikia: ujuzi ulio mikononi mwa fundi ni mali ya fundi. Hata akiwa ametia sahihi kwamba hatafanya biashara hiyo, mahakama hutazama muda uliowekwa, eneo lililotajwa na aina ya kazi. Sharti likizidi kiasi, huweza kulibatilisha. Linaloweza kulindwa ni siri ya duka, kama vile daftari la wateja na bei walizopatana na wauzaji wa vitambaa, na ulinzi huo huwa na nguvu zaidi ukiandikwa mapema.

Kuandika si jambo geni kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Sheria ya nchi nayo yataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na jukumu hilo ni la mwajiri. Asipoutoa mkataba huo kesi ikifika, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa.

Basi, tumwendee wakili siku ya kuajiri, tusingoje siku ya kufukuza. Na hasira ikitupanda, tumpe mfanyakazi nafasi ya kusema. Kumsikiliza ni haki yake. Nasi pia hutukinga.