Picha Ile Ile, Ujumbe Mwingine: Hariri Video Yenu kwa Akili

Tuseme klabu yenu ya afya hapo Mazinde imetunga wimbo. Biti ipo, mistari ipo, na picha mmeshapiga kwenye mashamba ya mkonge, Milima ya Usambara ikionekana kwa nyuma. Bomba! Sasa mna vipande vingi kwenye simu ya mwalimu mlezi, na wimbo ni wa dakika 3 tu. Mtaviunganishaje?

Wengi wanadhani kuhariri ni kuondoa yaliyoharibika na kutia madoido. Siyo kweli. Anayehariri ndiye anayeamua mtazamaji aelewe nini. Na kama wimbo unahusu mimba shuleni, Ukimwi au kifafa, anaamua pia kama mwenzenu atachekwa au ataheshimiwa.

KWA NINI MPANGILIO UNA NGUVU?

Huko Urusi, miaka kama 100 iliyopita, mtengenezaji filamu Lev Kuleshov alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha hisia yoyote. Akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu sana uigizaji ule: hapa ana njaa, pale ana majonzi! Kumbe uso ni ule ule. Kilichobadilika ni picha ya jirani yake.

Sasa turudi Mazinde. Wimbo wenu ni juu ya msichana aliyepata mimba akiwa kidato cha pili. Mna picha tatu: darasa, mtoto mchanga na uso wa msichana.

Mkipanga darasa, mtoto, halafu uso, mtazamaji ataona maisha yaliyokwisha. Mkipanga mtoto, uso, halafu darasa, ataona msichana anayerudi shule. Hamkupiga picha mpya hata moja!

Hili si jambo dogo. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Msichana aliyekaa nyumbani akiona video yenu ya mpangilio wa kwanza, ataamini mlango umefungwa. Mtakuwa mmemdanganya bila kusema neno. Na swali jingine: huyo aliyempa mimba yuko kwenye kipande gani? Kama haonekani kabisa, video yenu imeshamlaumu mmoja na kumwachia mwingine.

CHAGUENI MTINDO

1. Kukata kwa mapigo. Picha inabadilika pamoja na ngoma. Piga hesabu kwanza. Wimbo wa mapigo 80 kwa dakika una mapigo 240 kwa dakika 3. Mapigo manne manne yanatoa mafungu 60, kila fungu sekunde 3. Mkikata kila fungu mnahitaji vipande 60. Mkikata kila mafungu mawili, vipande 30 vinatosha. Mtindo huu unachangamsha, unafaa kwenye kiitikio na kwenye kucheza. Lakini mistari yenye ushauri ikikatwakatwa hivyo, watu watakumbuka miguu tu.

2. Kufuata kisa. Picha zinasimulia hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Unafaa kwa wimbo wenye kisa, kama "Starehe" wa Ferooz akimshirikisha Professor Jay, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kugusa wengi kwa kisa cha kijana aliyepata virusi vya Ukimwi. Jaribio lake ni rahisi: zima sauti. Mtu akielewa kisa kwa picha peke yake, mmefaulu.

3. Kupishanisha. Mnaonyesha sehemu mbili kwa zamu. Saa mbili asubuhi, mvulana yuko darasani. Saa mbili hiyo hiyo, msichana anachota maji. Saa sita, mvulana anajibu swali. Msichana anabembeleza mtoto. Hamhitaji kuhubiri. Mtazamaji mwenyewe atalinganisha.

4. Picha ndefu bila kukata. Mwimbaji mmoja anaitazama kamera ubeti mzima. Haihitaji programu ya kisasa, ila inahitaji mazoezi. Inafaa ubeti mzito, kwa sababu hakuna kinachomvuruga msikilizaji.

Msichanganye yote manne, itakuwa pilau iliyotiwa kila kiungo cha dukani. Chagueni mtindo mmoja uwe mkuu, wa pili uwe wa kuonjesha. Kama kuna maandishi kwenye picha, kwa mfano "Pima, ujue", yasome taratibu mara mbili. Yakitoweka kabla hujamaliza, yaongezeni muda.

MWANGA WA KUMWEKAMWEKA: SI MCHEZO!

Kuna doido ambalo vijana wengi wanalipenda: picha inamwekamweka kama taa za disko. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, kipindi cha katuni cha Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali. Baadhi walipata degedege, wengine kizunguzungu na kutapika.

Sababu ni nini? Baadhi ya watu wenye kifafa, na hata wengine ambao hawajawahi kuanguka, ubongo wao hushtuliwa na mwanga wa aina hiyo. Kanuni inayofuatwa na watangazaji ni kutozidisha mimweko 3 kwa sekunde. Katika wimbo wetu wa mapigo 80, mmweko mmoja kila pigo ni kama mara moja na kidogo kwa sekunde. Lakini ukimulika kila robo ya pigo, umefika zaidi ya mara 5. Acheni!

Na mwenzenu akianguka kifafa? Ondoeni vitu vigumu karibu yake, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, msimkandamize. Kaeni naye. Ikipita dakika 5, mpelekeni hospitali haraka. Povu lake haliambukizi kifafa.

MLINDENI ALIYEIGIZA

Jamani, mtaani maneno hayakosekani. Dada aliyeigiza kuwa na virusi anaweza kuanza kunyooshewa kidole: "Eti ndiyo yule!" Mfanyeni aonekane mwishoni akicheka na kikundi kizima, ili watu wajue ni maigizo. Au tumieni mikono, kivuli, mgongo. Ombeni ridhaa yake mara mbili: kabla ya kupiga picha, na tena baada ya kuhariri, maana alichokubali kuigiza si lazima kifanane na kilichotokea. Mwenye umri mdogo, mzazi au mlezi naye akubali. Video ikishahama simu hadi simu, hairudi.

Na kama kuna mwenzenu anayeishi na virusi kweli, siri hiyo ni yake. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo. Msiitumie kunogesha wimbo.

JARIBUNI KABLA YA KUTOA

Mradi wa TUSEME, ulioanza mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, uliwafundisha wasichana wa sekondari kuigiza matatizo yao, kisha kuyajadili na watazamaji. Fanyeni vivyo hivyo. Waonyesheni watu watano ambao hawakushiriki. Msiwaeleze lolote. Kisha waulizeni:

- Umeelewa nini?
- Nani amelaumiwa humu? Ni haki?
- Ungekuwa wewe ndiye unayeimbwa, ungejisikiaje?

Majibu yakiwashangaza, msikasirike. Rudini kwenye vipande vyenu, badilisheni mpangilio, muwaonyeshe tena. Kazi kwenu!